Kufunga boti Birmingham: maegesho, maji na choo kwa mtu wa zamu

Swali: "Shikamoo kaka. Mimi ni muuguzi kutoka Morogoro, sasa naishi Birmingham na nafanya kazi ya zamu hospitalini Edgbaston. Kodi ya chumba inanimaliza. Mfanyakazi mwenzangu anauza boti yake nyembamba ya futi 50 ya kuishi ndani, na anasema nikishakuwa na leseni naweza kuifunga popote kando ya mfereji bila kulipia maegesho. Ni kweli? Maji nitapata wapi, choo je, na barua zangu zitanifikiaje?"

Marahaba, dada. Mwenzako hajakudanganya, ila amekupa nusu ya habari, na nusu aliyoibakiza ndiyo itakayokusumbua mwezi wa Januari, saa kumi na moja alfajiri, unapotafuta njia ya kufika kazini. Nianze na hilo la "popote", kisha tuje kwenye maji na choo, maana hivyo ndivyo vitakavyokupangia pa kulala kuliko kifungu chochote cha sheria.

Mifereji mingi ya England na Wales iko chini ya Canal & River Trust, shirika la hisani lililopokea kazi hiyo mwaka 2012 kutoka British Waterways. Wenye boti husema Trust tu. Wao ndio wanaotoa leseni, na kabla ya kukupa wanataka bima, cheti cha usalama wa boti ambacho hupimwa upya kila baada ya miaka 4, na jibu la swali moja: boti hii ina kwao au haina? Yenye kwao ina maegesho ya kudumu yanayolipiwa, iwe kwenye marina (bandari ndogo ya boti), nyuma ya shamba la mtu au kwenye ukingo wa mfereji wenyewe. Isiyo na kwao inaruhusiwa kufungwa kando ya mfereji bila kulipia maegesho, lakini ni lazima itembee.

Sheria ya British Waterways ya mwaka 1995 ndiyo inayotawala hapo. Inasema boti isiyo na maegesho ya kudumu itumike kweli kwa safari muda wote wa leseni, na isikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, au muda mrefu zaidi kama hali inaruhusu. Mtego uko kwenye neno "mahali". Trust haihesabu mti na mti, wala daraja na daraja. Inahesabu mtaa au eneo. Ukisogea mita mia mbili kila baada ya wiki mbili, mbele yao hujaondoka. Wana watu wanaopita kando ya mfereji wakiandika namba za boti, kwa hiyo historia yako wanayo. Wameshatamka kwamba boti ambayo mwaka mzima haikuvuka eneo la maili 15 hadi 20 itapata shida sana kuwaridhisha. Anayepuuza barua zao anaweza kupewa leseni ya muda mfupi, au kukataliwa kabisa, na mwisho wa njia hiyo wana uwezo wa kisheria wa kuiondoa boti majini, ingawa kwa anayeishi ndani kwa kawaida hupitia mahakamani kwanza. Ukiugua au injini ikafa, waandikie kabla siku 14 hazijaisha. Hapo ndipo ile "hali inaruhusu" inapofanya kazi, na wengi hupewa muda bila taabu.

Na hilo la kutolipia siku hizi lina doa. Leseni ya boti kama hiyo ni zaidi ya pauni elfu moja kwa mwaka, na tangu Aprili 2024 boti zisizo na kwao hulipa nyongeza juu yake, inayopandishwa kidogo kidogo hadi kufikia asilimia 25 mwaka 2028. Bado ni nafuu ukilinganisha na chumba Birmingham, lakini iweke kwenye hesabu.

Sasa habari njema. Kwa mtu anayefanya kazi Edgbaston, mfereji wa Worcester na Birmingham ni kama ulichimbwa kwa ajili yake. Unaanzia katikati ya mji, Gas Street, pale ambapo kampuni mbili za mifereji ziligombea maji hata zikajengeana ukuta, na mizigo ikawa inabebwa kwa mikono kutoka boti moja hadi nyingine mpaka mwaka 1815 walipokubali kuweka loki, kile chumba cha maji chenye malango ya kupandisha na kushusha boti. Kutoka hapo mfereji unapita Five Ways, unapita nyuma ya chuo kikuu na hospitali, kisha Selly Oak, Bournville kwenye kiwanda cha chokoleti cha Cadbury, halafu King's Norton. Treni inakwenda sambamba nao karibu njia yote hiyo, na stesheni ya University iko kando ya maji kabisa. Kutoka Gas Street hadi Tardebigge ni maili 14 bila loki hata moja. Kwa mtu aliye peke yake, aliyechoka na zamu ya usiku, maili 14 bila loki ni neema. Ukifika Tardebigge unakutana na loki 30 mfululizo zinazoshuka. Hizo ziache kwa likizo.

Lakini maili 14 hazifiki 15, na kwenda na kurudi kwenye kamba moja hakupendezi machoni pa Trust. Kwa hiyo lione eneo lako kama matawi matatu. La kwanza ni hilo la kusini: Hopwood, kisha Alvechurch, ambako kuna stesheni ya treni inayokupeleka moja kwa moja University, na kuna marina yenye dizeli na huduma nyingine. Kati ya King's Norton na Hopwood utapita handaki la Wast Hills, yadi 2,726, karibu kilomita mbili na nusu za giza na maji yanayodondoka. Boti mbili nyembamba hupishana humo ndani. Vaa koti la mvua hata kiangazi, washa taa ya mbele, na usiogope ukiona taa nyingine inakuja. Itachukua muda mrefu kuliko unavyodhani kabla hamjakutana.

Tawi la pili linaanzia njia panda ya King's Norton na kuingia mfereji wa Stratford, kuelekea Hockley Heath. Huko nako unakwenda maili nyingi kabla ya kukutana na loki za kufanyia kazi. Shirley kuna daraja la kuinuliwa kwa umeme: unachomeka ufunguo wa Trust, unabonyeza, vizuizi vinashuka, magari yanasimama pande zote mbili yakikusubiri wewe. Usilifungue saa ya watu kwenda kazini kama hupendi kutukanwa. Treni za upande huo, Whitlocks End, Earlswood na The Lakes, huingia stesheni ya Moor Street, si New Street ambako treni za University hupita, kwa hiyo itabidi utembee kidogo mjini ndipo upande ya University. Ukitoka huko kwenda zamu ya asubuhi, angalia treni ya kwanza kabla hujafunga boti, hasa Jumapili.

Tawi la tatu ni kaskazini magharibi, njia kuu ya kwenda Wolverhampton, yenye loki tatu tu pale Tipton, na treni iko karibu njia nzima. Mandhari yake ni ya viwanda na madaraja ya chuma. Ukizunguka matawi haya matatu kwa mwaka, ukikaa wiki moja hapa na mbili pale, umesafiri kweli na kazini umefika. Wapo wanaoishi hivyo.

Kufunga kwenyewe ni upande wa njia ya waendao kwa miguu, ile ya zamani ya farasi wa kuvuta boti. Upande wa pili mara nyingi ni ardhi ya mtu, usifunge bila ruhusa. Soma vibao: maegesho ya wageni huwa na muda wake, saa 24, saa 48, siku 7 au siku 14, na yale ya katikati ya mji ndiyo yenye muda mfupi. Pasipo na kibao, ni zile siku 14. Usifunge kwenye kona, chini ya daraja, karibu na malango ya loki, kwenye bomba la maji, wala pale mfereji ulipopanuliwa ili boti zigeukie, hata pakiwa na nafasi ya kuvutia namna gani.

Ukingo ukiwa wa mabati ya chuma, tumia kulabu zinazopenya kati ya bati na boriti lake. Zinashika vizuri, na ukiondoka unaondoka nazo. Ukiwa wa udongo, pigilia mambo mbili za chuma, yaani vigingi, moja mbele ya omo na nyingine nyuma ya tezi, zimelala kidogo kuipa boti mgongo, na amari, yaani kamba za kufungia, ziende kwa mshazari. Kamba ikishuka wima kutoka boti hadi mambo, kila boti inayopita kwa kasi itaitikisa mpaka mambo ing'oke, na mvua ikinyesha siku tatu ndiyo hung'oka usiku wa manane. Kamba ya katikati ni ya kushikia unapofika. Ukiiacha imefungwa, boti inayopita itakulaza upande na vyombo vyako vitakuwa sakafuni. Vika mambo zako kitu cheupe, chupa tupu ya maziwa inatosha, kwa ajili ya waendesha baiskeli wa gizani. Na usipitishe kamba juu ya njia.

Tuje kwenye maji ya kunywa. Tangi la boti ya ukubwa huo huchukua lita mia kadhaa, na mtu mmoja anayeoga kwa adabu anaweza kwenda wiki mbili. Trust imeweka mabomba njiani, mengi yakiwa wazi na mengine ndani ya vibanda vinavyofunguliwa kwa ufunguo wao. Nunua ufunguo huo siku ile ile unayonunua boti, na ununue miwili, mmoja uwe umefungiwa kizibo kinachoelea, kwa sababu chuma huzama. Mpira uwe wako, wa maji ya kunywa, angalau mita 20. Ukifika bombani, acha maji yatiririke kwanza, suuza mdomo wa bomba, ndipo uunganishe. Kujaza kunaweza kuchukua saa nzima bomba likiwa dhaifu, na hapo ndipo utakapojua majirani zako wote. Onyo moja la kiuguzi utalielewa haraka: kwenye kituo cha kumwagia vyoo kuna bomba la kusuuzia. Mpira wako wa kunywa usiguse bomba hilo hata siku moja, hata kama lile jingine limeganda.

Choo ndicho kinachowagawa wenye boti kuliko siasa. Kuna boti zenye tangi la chini ya sakafu linalofyonzwa kwa mashine, na kuna za kaseti, yaani kisanduku cha lita kama 20 unachokichomoa na kukiburuta hadi kituo cha kumwagia, ambacho watu wa mfereji hukiita Elsan. Muulize mwenzako yake ni ipi. Kwa boti isiyo na kwao, mimi ningechukua kaseti bila kufikiri mara mbili, na kaseti ya akiba juu yake. Tangi likijaa Februari, mfereji umeganda na mashine iko maili nane, huna la kufanya. Kaseti unaweza kuipeleka kwa gari la rafiki. Vyoo vya kutenganisha mkojo na kinyesi vinapendwa siku hizi, ila jua kwamba Trust ilipiga marufuku kutupa mifuko ya taka hizo kwenye mapipa yake tangu mwisho wa 2021, kwa hiyo anayevitumia awe na pa kuozeshea vizuri. Maji ya sinki na bafu huingia mfereji moja kwa moja na inaruhusiwa. Tumia sabuni nyepesi na usimwage mafuta ya kukaangia.

Takataka zina mapipa yake penye vituo hivyo. Ramani ya vituo vyote iko kwenye tovuti ya Trust, pamoja na matangazo ya kufungwa. Jiandikishe upate matangazo hayo kwa barua pepe, maana bomba uliloliona kwenye ramani laweza kuwa limeharibika wiki ile ile unayolihitaji, na kati ya Novemba na Machi hufunga baadhi ya loki kwa matengenezo.

Dizeli, gesi na makaa ya mawe mara nyingi vitakujia. Kuna boti za mafuta zinazopita kwa ratiba zikiuza kando kando. Pata namba ya ile ya eneo lako na uagize mapema. Nunua makaa yasiyo na moshi, kwa sababu tangu sheria ya mazingira ya 2021 halmashauri zina uwezo wa kuzibana boti kama nyumba. Injini na jenereta usiwashe kati ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi. Hapo wewe wa zamu ya usiku una shida ya peke yako: majirani watawasha mchana, kwa haki yao, wakati umelala. Usifunge katikati ya msururu wa boti siku hizo. Paneli za jua zitakusaidia kuanzia Machi, Desemba usizitegemee.

Nalisema hili kwa sauti kwa sababu nawajua watu wetu: jiko la mkaa lisiingie ndani ya boti, hata dakika tano, hata mlango ukiwa wazi, hata makaa yakiwa yamebaki majivu. Boti ni chumba kidogo cha chuma na gesi ya kaboni monoksidi haina harufu. Kengele ya kuitambua imekuwa sharti la cheti cha usalama tangu Aprili 2019. Ijaribu kila wiki.

Ushauri wangu, basi. Usiianze boti ya kwanza na baridi ya kwanza na zamu zenye urefu wa saa kumi na mbili, vyote pamoja, bila pa kurudi. Ukinunua kuanzia Septemba, tafuta maegesho ya kulipia mpaka Machi. Trust huuza vibali vya maegesho ya majira ya baridi, kuanzia Novemba hadi mwisho wa Februari, katika sehemu maalumu, au ulizia marina yenye umeme wa nchi kavu na bomba mlangoni. Kiangazi ndipo uanze kuzunguka matawi yako matatu.

Ila mkataba wa marina usome mwenyewe. Maegesho mengi yanauzwa kuwa ya burudani, maana yake hutakiwi kuishi hapo. Ya makazi ni machache, ni ghali zaidi, na huenda ukadaiwa kodi ya halmashauri. Usikubali kuambiwa "hapa watu wanaishi tu, hakuna anayeuliza". Siku akipatikana wa kuuliza, mwenye marina atasema mkataba ulisema burudani. Mwenye boti hana ulinzi alionao mpangaji wa nyumba. Notisi ikitoka unaondoka. Na kama mwenzako anasema boti inauzwa "pamoja na nafasi yake", mpigie mwenye maegesho kabla hujalipa hata senti, kwani mara nyingi nafasi haihami na boti.

Barua sasa. GP, yaani daktari wa mtaani, hawezi kukukataa kwa kuwa huna uthibitisho wa anwani. Kanuni za NHS, huduma ya afya ya taifa, ziko wazi, nawe unafanya kazi humo humo. Kwa benki na mengineyo, wengi hutumia anwani ya ndugu au rafiki wa kuaminika, au huduma ya kulipia inayopokea na kupiga picha barua. Posta nayo huweka barua ya ndani ya nchi hadi wiki mbili ukitumia huduma ya kuhifadhiwa posta, uende na kitambulisho. Kama uko kwa viza ya udhamini, mwajiri wako anatakiwa kuwa na anwani na mawasiliano yako ya sasa, kwa hiyo ongea na ofisi ya wafanyakazi kabla ya kuhama. Na kwa kuwa Tanzania imo Jumuiya ya Madola, una haki ya kujiandikisha kupiga kura ukiwa na kibali cha kuishi nchini, hata bila nyumba: unajaza fomu ya kutamka mahali ulipo na uhusiano napo, ukitaja sehemu ya mfereji unapokaa zaidi. Fomu inapatikana ofisi ya uchaguzi ya halmashauri.